Darubini Chini ya Taa

Fundi wa taa za barabarani alinunua darubini siku ya Jumamosi, na kufikia Jumapili mchana alikuwa ameshagombana nayo. Aliisimamisha juu ya paa la zege, pale mkewe anapoanika nguo, akailenga kwenye tangi la maji la jirani ili kuijaribu kama kijitabu chake cha nyota kilivyoagiza. Tangi likaonekana kichwa chini, miguu juu. Hakusubiri, alimpigia simu muuzaji palepale.

"Umeniuzia kitu kibovu, bwana."

"Si kibovu, mzee. Hiyo ni ya kuangalia nyota. Huko juu hakuna juu wala chini."

Fundi akakata simu. Miaka ishirini na miwili ya kupanda nguzo ilikuwa imemfundisha kwamba chini ipo, tena ni ngumu.

Msimcheke bado. Taa mbovu haionekani mpaka nyingine ziwake, kwa hiyo kazi yake ilianza jua likizama. Alikuwa akiondoka mtoto yuko kwenye daftari la shule, akirudi mtoto amelala. Mwaka huu magoti yalipogoma, wakubwa wakampa meza na simu ya kupokea malalamiko, akawa anarudi nyumbani mapema kama watu wengine. Alichokikuta humo ndani ni msichana wa miaka kumi na minane aliyemwambia "shikamoo baba" kwa heshima zote, kama anayemwamkia mwalimu mkuu, kisha akarudi chumbani kwake. Tena baada ya wiki tatu msichana huyo alikuwa anakwenda chuoni, safari ya siku nzima, kwa miaka minne.

Fundi aliogopa, na hofu yenyewe ilimkosesha usingizi. Aliogopa kwamba binti yake wa pekee ataondoka akimjua kwa viatu vyake vya kazi tu, vile vilivyokuwa vikikaa mlangoni asubuhi. Alitaka awe na jambo moja na mwanawe, moja tu, kabla hajapanda basi. Ndipo alipokiona kile kijitabu dukani, jaladani baba, mama na watoto wamezunguka darubini, meno yote nje. Ukurasa wa kwanza ulisema anayeanza aanze kwa macho matupu, asikimbilie kununua chombo. Fundi alianzia ukurasa wa pili.

Baada ya chakula cha jioni walipanda wote watatu na viti vyao na chupa ya chai. Fundi alisoma kwa sauti habari za miaka ya mwanga, akaeleza, akarudia. Mbingu ilikuwa ya kijivu kama sufuria lililosuguliwa. Akahesabu nyota kumi na moja. Ukiitazama nyota kwa macho ilikuwa nukta, ukiitazama kwa darubini ilikuwa nukta ghali.

"Nzuri," alisema binti.

"Nzuri sana," alisema mama mtu, na wote wawili wakautazama mlango wa ngazi.

Mchawi wao alikuwa amesimama nje ya geti: taa namba 114. Fundi aliijua kuliko alivyowajua ndugu zake. Miaka minane iliyopita aliwaangukia wakubwa zake hadi wakaikubali, ili mkewe na mwanawe wasiwe wanamngoja gizani, na skrubu ya mwisho aliikaza kwa mkono wake mwenyewe. Mtaa mzima ulimshukuru. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara alimpa soda ya bure, jambo ambalo halijatokea tena. Sasa taa hiyohiyo ilikuwa ikimmwagia mwanga kwenye darubini kama mtu anayemwaga maji kwenye chai.

Wiki ya pili nayo ikapita hivyohivyo. Binti alipanda kwa adabu, akatazama kwa adabu, akashuka. Zikabaki siku tano.

Fundi akapiga moyo konde. Taa za siku hizi zina kijicho juu, kikiona giza zinawaka, kikiona mwanga zinajua kumekucha. Jumamosi kabla jua halijazama alitoa ngazi, akapanda huku magoti yakimlaani, akafunga tochi kwa utepe mweusi ikitazamana na kijicho cha 114. Ilipofika saa ya kuwaka mtaa mzima ukawaka, isipokuwa 114. Yeye aliamini ni mchana wa saa sita. Fundi alijisikia kama aliyemdanganya rafiki wa siku nyingi.

"Fundi!" muuza duka alipaza sauti kutoka chini. "Taa yako imekufa!"

"Taarifa imepokelewa," Fundi alijibu kutoka gizani juu ya paa kwa sauti ya ofisini. "Mafundi wanaishughulikia."

Kijitabu kilisema macho yapewe dakika ishirini yazoee giza, bila simu. Wakakaa wote watatu. Barabarani mtu alikuwa akisukuma mkokoteni. Nyota zikaanza kutoka, kwanza kumi, kisha nyingine nyuma ya zile kumi, hadi Fundi akaacha kuhesabu.

"Mama!" binti aliropoka. "Kijiko Kilichopinda bado kipo!"

"Na Mapacha Wanaogombana, wale, juu ya antena."

Fundi akawasha kitochi chake alichokizungushia nailoni nyekundu ili kisiwaumize macho, akapekua kijitabu mbele na nyuma. Mapacha wa kugombana hawakuwemo.

"Hizo mmezitoa wapi?"

Binti akasita. "Zamani, baba, ulipokuwa kazini. Mimi na mama tulikuwa tunatandika mkeka hapa mpaka nipitiwe na usingizi. Majina tulizipa wenyewe."

"Mbona mkaacha?"

 Mkewe akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Fundi hakuwa mjinga. Aligeuza shingo polepole akaitazama nguzo.

"Miaka minane! Na hamkuniambia?"

"Uliileta kwa furaha," alisema mkewe. "Ukirudi ulikuwa unaiangalia hiyo kwanza ndipo utuangalie sisi. Tungeanzia wapi?"

Fundi alihisi uso unamchoma, akashukuru kwamba kuna giza. Kwa kutafuta pa kushika alinyoosha kidole upande jua lilikozama, penye nyota moja kubwa iliyozishinda zote.

"Ile ninaijua. Ni Zuhura. Hiyo hamkuipa jina, au?"

Mama na binti wakabanwa na kicheko.

"Niambieni."

"Ile tuliiita Baba," alisema binti.

Kifua cha Fundi kikajaa. Katika mbingu nzima! "Kwa sababu inang'aa?"

Binti alitafuta maneno mazuri, akayakosa. "Kwa sababu ikionekana tu, inaondoka."

 Fundi akapiga goti lake bovu kwenye zege, akashika darubini, akailenga. Nyota ilikuwa imeshakaribia mapaa ya watu.

"Njoo uione basi," alisema. "Njoo upesi, mwanangu."

Binti akaja, akainama, akamshika baba yake bega ili asiyumbe.

"Kumbe si duara! Imekatwa, kama mwezi mchanga. Baba, ulijua?"

"Sikujua."

Binti alitazama kwa muda mrefu.

"Imezama," alisema hatimaye, jicho lingali kwenye darubini. Goti la Fundi lilikuwa linawaka moto, lakini hakujitikisa hata kidogo, maana angetikisika ule mkono ungeondoka begani.