Mama wa Kwenye Picha ya Soko

Kabla ya alfajiri Kunegunda alisikia mchele ukipepetwa jikoni kwake, mtaa wa Lizaboni. Anaishi peke yake, kwa hiyo alivaa kandambili akaenda kutazama.

Aliyeketi na ungo alikuwa yule mama wa kwenye picha ya soko katika kitabu cha historia, kile ambacho Kunegunda, mkutubi wa chuo, huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, kama alivyo pichani. Kunegunda alisita. Kwa uso, mgeni angeweza kuwa binti yake. Kwa miaka, alikuwa bibi yake.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mchele wako una mawe, nimekutolea."

Walikunywa chai. Mgeni alisema anaitwa Ashura, mtu wa Tunduru. Chini ya picha yake wameandika kwamba ni mwanamke anayefurahia siku ya soko. Lakini hakuwa sokoni. Alikuwa nje ya wodi ya hospitali, na mtoto wake Abuu alikuwa amefariki asubuhi ile. Mpiga picha alimgeuza alitazame jua, naye Ashura akakunja uso kwa mwanga, ikaonekana kama anacheka.

"Kila mwaka watoto wako wa chuo wananiandika kwenye mtihani nimefurahi," alisema. "Nataka waandike Abuu."

Wakaenda chuoni pamoja. Kulikuwa na ukungu, na dereva wa bajaji alishusha turubai upande wa Ashura ili asilowe.

Siku hiyo, maktabani, somo lake kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza lilikuwa namna ya kujua habari ya kuaminika. Kunegunda aliandika ubaoni kama kawaida: nani kasema, alijuaje, wengine wanasemaje. Kisha akamweka Ashura mbele, akawaambia wanafunzi wamuulize.

"Bibi, una ushahidi?" aliuliza Henry, kiongozi wa darasa.

"Nilikuwepo."

"Hilo unalisema wewe mwenyewe."

"Sasa nimtume nani, baba? Wewe ulikuwepo?"

Darasa likacheka, na Henry naye akacheka. Mwenzake, Edwin, alitafuta kwenye rafu na kwenye simu. "Madam, vitabu vyote vinasema soko. Mitandaoni pia soko."

"Vyenyewe vimepata wapi?" aliuliza Kunegunda.

Edwin akatazama tena. Vyote vilikuwa vimechukua kwenye kitabu kilekile cha historia. Wanafunzi waliandika jambo hilo, wakalipigia mstari. Halafu Henry akanyoosha mkono.

"Kwenye mtihani tuandike nini?"

Miaka yote Kunegunda amewafundisha kuuliza, na leo wameuliza vizuri sana. Alishindwa kuelewa ni wapi somo lilikuwa limepotea njia. Akamwita mkuu wa taaluma.

Mwalimu Rupert alikuja, akamwamkia Ashura kwa heshima, akamsogezea kiti chenye mto. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama," alisema. "Ila mtihani unatoka kwenye kitabu. Wakikibadilisha kitabu, na sisi tutabadilisha."

"Nani anakibadilisha?" aliuliza Ashura.

"Hata mimi naletewa tu, mama."

Akaenda kwenye kikao.

Wanafunzi wakafunga madaftari. Noela, msichana wa Ruhuwiko ambaye kwa kawaida haongei darasani, alimletea Ashura uji kwenye kikombe cha chuo. Akachuchumaa mbele yake.

"Abuu alikuwa mtoto wa namna gani, bibi?"

Ashura alikipokea kikombe. "Alikuwa anapenda kulala amenishika sikio," alisema. "Hivi." Akalishika sikio lake la kijivu.

Jioni Kunegunda alikifungua kitabu mezani, Ashura akiwa kando yake. Alishika penseli, akatazama tangazo alilolibandika mwenyewe ukutani kwamba ni marufuku kuandika kwenye vitabu, akairudisha penseli mfukoni. Ashura hakumlaumu. Alijifunga khanga vizuri, akaingia kwenye ukurasa wake.

Kwenye mtihani wengine wote waliandika soko, wakapata. Noela aliandika wodi, na jina la Abuu, akakosa. Kunegunda alipeleka karatasi ya Noela kwa msahihishaji aitazame upya, akarudi nayo vilevile.

Akaenda rafuni kutazama. Maneno ya chini ya picha yalikuwa yaleyale. Ashura alikuwa amekunja uso juani, ila sasa mkononi alikuwa na kikombe cha chuo, ambacho mtunza stoo alikuwa akikitafuta.

"Yule binti hajambo?" aliuliza Ashura kutoka ukurasani.

"Hajambo. Wamemkosesha."

"Mpe pole. Mje tena, wewe na yeye. Mkija, mniulize habari za mtoto."