Mwaka Bila Kipepeo

Klabu yetu ya kuogelea hapa Esbjerg ilikuwa na mazoea yake: kabla ya kuingia majini tunakaa wawili wawili kwenye vigae, mmoja anamvuta mwenzake mikono kwa nyuma. Mimi nilivutwa na Ragna miaka sita. Hakuna aliyekuwa na mabega laini kama yangu. Viwiko viligusana mgongoni, na kocha Preben alikuwa akiwaita wageni waje kuona.

"Ongeza kidogo," nilikuwa namwambia Ragna.

"Wee Sidsel, nitakung'oa!"

"Ng'oa tu, nitajirudishia mwenyewe."

Februari ile tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya taifa. Nilikuwa naogelea mita mia mbili za kipepeo, mtindo ule wa kurusha mikono yote miwili juu ya maji, bega la kulia likachomoka. Mwanzoni sikusikia maumivu. Niliona tu mkono umepotea, kama si wangu. Ragna ndiye aliyenikokota hadi ukingoni.

Mtaalamu wa viungo, mama mmoja aitwaye Birthe, alilishika bega, akalizungusha taratibu, akaguna.

"Nani kakudanganya kwamba unahitaji kunyooshwa? Bega hili halijawahi kuwa gumu. Limelegea. Linataka misuli ya kulishikilia."

Akanipa mpira wa kuvuta, akanikataza kipepeo mwaka mzima.

Kila asubuhi niliufunga mpira kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nikavuta mara kumi na tano, nikapumzika, nikarudia. Mama alikuwa akipaka maini ya kusaga kwenye mkate mweusi, akijifanya hanioni. Ngozi yangu iliacha kunuka klorini, na hilo liliniuma kuliko bega. Usiku kitandani nyonga zilianza kupiga wimbi zenyewe, kama niko majini naogelea kipepeo, nami nikaziacha zipige.

Ragna hakuja kunitazama. Hakupiga simu. Niliyatamani maji mchana kutwa, lakini yeye nilimtamani zaidi, na hilo sikumwambia mtu.

Oktoba tulikutana nje ya bwawa, akifungua baiskeli yake.

"Mbona hukuja?"

"Ningekuja niseme nini? Mikono iliyokuvuta ndiyo hii."

"Na mdomo uliokuwa unasema ongeza ndio huu."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaniambia kwamba amechaguliwa timu ya taifa. Jumatatu anahamia Kopenhageni. Nilimkumbatia kwa mkono wa kushoto. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli, ila nilitembea hadi nyumbani bila kuikumbuka baiskeli yangu.

Machi Birthe aliniruhusu. Niliogelea mita hamsini za kipepeo, polepole, na bega likashika.

"Mkono wako umefupika, haufiki mbali kama zamani," Preben alisema.

"Lakini upo."

Akainamisha kichwa. "Nilikosea, Sidsel. Siku hizi hapa hatuvutani tena."

Niligeuka upande wa kulia, kama nilivyozoea miaka yote, nimuulize Ragna ameonaje. Katika njia yake ya kuogelea alikuwapo msichana nisiyemjua, analamba miwani yake ya kuogelea isishike ukungu. Alinitabasamia. Nami nikamtabasamia, nikausukuma ukuta wa bwawa kwa miguu, nikaondoka nikiogelea.