Chai Asiyopewa Evelina

Bi Kokulinda alikuja Usagara kumtembelea mwanawe Deodatus, na asubuhi ya pili aliamua kutengeneza chai ya majani ya mpaini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la miti huko Kagera, na majani hayo aliyachuma mwenyewe nyuma ya kanisa.

Evelina, mke wa Deodatus, alimtazama akiyachambua. Kila kishada kilikuwa na sindano tatu zilizoshikana chini. Tawi moja lilikuwa na majani bapa kama magamba ya samaki; Bi Kokulinda akalitupa.

"Huu ni mti wa uzio," alisema. "Nisichokijua sikinywi."

Aliyamwagia maji ya moto, akafunika, kisha akamimina vikombe viwili: chake na cha Deodatus. Evelina akawekewa maziwa.

Evelina aliumia moyoni. Miaka minne ya ndoa, na bado ni mgeni? Deodatus alipoondoka kwenda kazini, Evelina alishindwa kunyamaza.

"Mama, mimi sistahili chai yako?"

Bi Kokulinda aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mjamzito hapewi chai hii. Jana ulipokaanga wale samaki wa sato nilikuona ukikimbilia nje kutapika."

Evelina alifunika uso. Mimba mbili zilikwishaharibika. Habari za hii ya tatu hakuwa amemwambia hata mumewe.

"Naogopa, mama."

"Najua." Mama mkwe akamsogezea maziwa. "Kunywa. Nitakaa hapa mpaka ujifungue."

Evelina akamwegemea begani, akalia kidogo, kisha akanywa maziwa yote.