Aliyeona Pale Chemchemi

Nawategea kitendawili: nikisimama hakuna anayenishukuru, nikianguka kijiji kizima kinashikwa na kiu. Ni nani mimi? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, mmenipa Kate, nimefika, nimeshiba ugali wa ulezi. Mimi ni mti wa chemchemi.

Mjukuu wangu Luciana anaimba kwenye bendi ya roki pale Mazwi mjini, yeye na Obed wa gitaa na Basil wa ngoma. Mwanzoni nilimwambia hizo ni kelele za bati linalong'olewa na upepo. Akanijibu, "Bibi, roki lazima iume."

Jumamosi ile walikuwa waje kwetu Pito, uwanja wa mpira, kuimbia chemchemi yetu. Miti yake ilikuwa inakatwa kwa siri, inageuzwa mkaa. Bwana misitu alishatuambia wazi: bila shahidi hana la kufanya.

Na shahidi alikuwepo. Jumanne alfajiri nilikwenda kuchuma uyoga kule chemchemi, nikasikia msumeno wa mashine. Nikachungulia. Aliyeushika ni Felisiani, ambaye mimi mwenyewe nilimsimamia ubatizo. Nilikimbia, wanangu, kwa magoti haya haya, kikapu nikakiacha huko. Sikumwambia mtu, hata Luciana.

Alhamisi mchana pikipiki ikasimama uani.

"Shikamoo, mama wa ubatizo."

"Marahaba, baba."

Felisiani akakiweka kikapu changu chini, taratibu, uyoga umeshaoza ndani. "Nimekuletea. Nilipoona msuko nikasema huu ni wa mama tu." Akatabasamu. "Luciana ana sauti nzuri. Ila koo ni kitu chepesi kuharibika. Mtunzeni."

Akanywa maji yangu, akashukuru, akaondoka. Nikajaribu kuwasha jiko, njiti za kiberiti zikanimalizikia bila moto.

Jumamosi uwanja ulijaa. Felisiani alisimama mbele kabisa na vijana wawili nisiowajua. Wenzao wanaruka, wao wametulia tuli. Gitaa la Obed lilinguruma, Luciana akaimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akainua mkono, ngoma zikakatika.

"Bwana misitu yule pale, kalamu anayo. Nani aliwaona wakata miti?"

Watu wakatazama viatu vyao. Mzee Tadei, jirani yangu, tuliyeketi naye benchi moja, akakohoa. Mkewe akamvuta koti.

"Nauliza tena, jamani. Au Pito mna macho ya kutazamia mpira tu?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa Felisiani akasogea hatua moja kuelekea jukwaani. Akaongeza ya pili. Felisiani mwenyewe alikuwa ananitazama mimi, anatikisa kichwa polepole. Nikaliona koo la mjukuu wangu, limelowa jasho, na katika watu wote wale yuko peke yake.

Nikainuka, nimelishika bega la Tadei nisianguke.

"Mimi," nikasema. "Jumanne, alfajiri. Msumeno alikuwa nao Felisiani, mwanangu wa ubatizo."