Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Katika miaka arobaini ya ualimu sikuwahi kutia sahihi nisichokisoma, na wajukuu wangu niliwalea katika msingi huo. Nilipokabidhiwa orodha ya wachangiaji wenye damu adimu, watu mia mbili na kumi na wawili, niliitunza kwenye programu moja ya kompyuta kwa nidhamu ileile: anwani za barua pepe tu, bila namba za simu, ili siri ya mtu isivuje. Barua yangu moja ilikuwa ikiwafikia wote kwa dakika moja.

Asubuhi ile mjukuu wangu, muuguzi, alinipigia.

"Babu, Mwashi ameanguka kutoka jukwaa la ujenzi kazini. Anavuja damu ndani. Tunahitaji chupa nne, na hifadhi haina hata moja."

Mwashi ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Alikuwa ametoa damu mara kumi na moja, kila mara akinitania: "Mwalimu, wewe piga kengele tu, sisi tutapanga mstari."

Nilituma barua saa tatu. Saa tano mjukuu akauliza, "Babu, wako wapi watu wako?"

Programu ya orodha ilionyesha neno moja: *inasubiri*. Nikaipigia huduma ya msaada ya watengenezaji wake. Akapokea binti.

"Shikamoo, mzee. Toleo lako la programu limekoma kuhudumiwa tangu juzi, barua zake hazipokelewi tena popote. Tulikuandikia mara sita usasishe."

"Marahaba. Nilizipata. Sasisho lilitaka nikubali masharti, nami nayasoma. Nimefika ukurasa wa ishirini na tatu."

"Kati ya arobaini na moja? Mzee wangu, watu wote hubonyeza tu 'nakubali'."

"Mimi si watu wote. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mzee. Barua yako ndiyo hiyo, imekwama."

Nikabonyeza. Sasisho lilichukua saa moja na robo, nami nimekaa wima mbele ya kioo cha kompyuta kama mtahiniwa. Barua ilipotoka, majibu yakamiminika: "Natoka kazini." "Niko njiani." "Nimefika getini."

Saa saba na nusu simu ikalia.

"Amefariki, Babu, dakika kumi zilizopita. Watu tisa wamekaa kwenye benchi wamekunja mikono ya mashati. Niwaambie nini?"

"Waambie barua ilichelewa."

"Ilichelewa kwa nini?"

Nikamweleza yote. Akasema, "Sawa, Babu. Pumzika." Nilimfunza kutowajibu wakubwa, na adabu ile ilinichoma kuliko tusi.

Baada ya mazishi nilizimaliza kurasa kumi na nane zilizobaki, kalamu nyekundu mkononi. Sikupata cha kupigia mstari.