Kitanda cha Nolvia

Katika Bweni la Wasichana la chuo kikuu cha Santa Rufina, maji hutoka alfajiri na hukatika jua likianza kuuma. Ndiyo maana foleni ya bafuni huanza kabla hapajapambazuka, na wa kwanza kwenye foleni siku zote alikuwa Nolvia Amaya wa chumba cha tisa, ndoo za wenzake zimepangwa miguuni pake. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuoga sana. Alipanga foleni kwa kuwa hakuwa akipata usingizi, na hakuwa akipata usingizi kwa kuwa alikufa zamani.

Alikufa kwa homa ya dengi, masika, wakati mvua zilipokuwa zimekata barabara ya kwao milimani. Basi akazikwa kwenye makaburi ya mjini, watu wakaimba vizuri, na Jumatatu iliyofuata akarudi bwenini kwa sababu alikuwa na mtihani wa takwimu. Bi Tránsito, mlezi wa bweni, alimtazama miguuni kwanza.

"Futa matope hayo, mama," alimwambia. "Sakafu imepigwa deki sasa hivi."

Hakuna la zaidi lililosemwa. Kanuni za malazi zinasema kitanda ni cha mwanafunzi mpaka ahitimu au aondoke kwa hiari yake. Kufa hakukutajwa popote. Walioandika kanuni hizo walikuwa bado vijana, na kijana humwambii kitu.

Nolvia alikuwa amebakiza somo moja tu, hilo la takwimu, na kila mwaka alilifeli. Mtu mwingine angeshafukuzwa, lakini ili mwanafunzi afukuzwe lazima aitwe ofisini pamoja na wazazi wake. Wazazi wa Nolvia nao walikuwa wameshakufa na, tofauti na binti yao, hawakuwa watu wa safari. Basi mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, wasichana wakaja, wakahitimu, wakaolewa, wakaachika, na Nolvia yuko palepale chumba cha tisa, kitanda cha chini, upande wa dirisha.

Mwaka huo alikuja Dilcia Manueles. Alikuwa binti wa wachuma kahawa kutoka milima ya Intibucá, mfupi, mchangamfu, mwenye akili kali. Chuo kilimpa nafasi ya kusomea uuguzi, kikasahau kumpa kitanda. Ofisi ya malazi ilimwandika wa kwanza kati ya wanaosubiri, ikampongeza kwa hilo. Tatizo ni kwamba pale Santa Rufina kadi ya chakula hutoka pamoja na ufunguo wa chumba. Asiye na kitanda hana sahani.

Baba yake alikuwa amemuaga kwa maneno machache. "Nenda, mwanangu. Lakini mavuno yakifika na chuo hakijakupa pa kulala, ujue hakikutaki. Urudi tuchume kahawa."

Aliyemwokota Dilcia, amekalia begi lake kwenye ngazi, alikuwa Yessenia wa chumba cha tisa. Yessenia alisomea sheria na alikuwa na mdomo wa kutosha mahakama mbili. Alimvuta mkono mpaka chumbani.

"Nolvia, wewe huna mwili wowote," alisema. "Mbebe huyu."

Kubebwa, kwa lugha ya mabweni, ni kulala kwenye kitanda cha mwenzio huku ofisi haijui. Nolvia alisogea ukutani bila kuuliza swali.

"Mgeni siku mbili," Yessenia alimwambia Dilcia. "Siku ya tatu tunakupa ndoo."

Zilipita wiki chache, wote wakaanza kumwonea Dilcia wivu. Santa Rufina iko bondeni, na joto lake si la mchezo; mwezi wa nne hata mijusi hutafuta kivuli. Wenzake waligaagaa usiku kucha kwenye magodoro yaliyolowa jasho, na Dilcia amejifunika shuka mpaka kidevuni, mgongo wake umegusana na mgongo wa Nolvia.

"Sisi tunaiva kama tamale kwenye mvuke," Yessenia alilalamika kutoka kitanda cha juu, "na mwenzetu kalala na friji! Haya, Mungu anawaona."

Chakula nacho kilipatikana. Nolvia alichukua sahani yake kila siku kama mwanafunzi mwingine yeyote: wali, maharage, jibini, tortilla mbili za mahindi. Wapishi walimwongezea ya tatu kwa huruma, wakisema jamani mtoto huyu hanenepi. Aliibeba mpaka nyuma ya jiko, Dilcia akaila akiwa amechuchumaa kati ya mapipa, macho huku na huku kama paka aliyeiba. Bi Tránsito aliyaona yote. Jicho lake la kushoto aliliita jicho la ofisi, na hilo ndilo alilolifumba.

Dilcia hakupenda kula vile. Tumbo lilijaa, lakini moyo ulikuwa unauma kila siku. Na milimani kwao kahawa ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu.

Yessenia ndiye aliyepata wazo, siku moja wakikaanga ndizi kwa siri kwenye pasi.

"Mbona jambo lenyewe dogo? Nolvia afaulu takwimu. Akifaulu anahitimu. Akihitimu kitanda kinabaki wazi, na wa kwanza anayesubiri ni nani? Ni huyu hapa. Dilcia, wewe hesabu unaziweza. Mfundishe bibi yetu."

Nolvia aliendelea kugeuza ndizi. "Haya," alisema. "Nifundisheni."

Wakaanza. Kila jioni Dilcia na Nolvia walikaa kwenye ngazi za nyuma na maswali ya mitihani iliyopita. Dilcia alieleza kwa subira, akarudia, akachora. Nolvia aliitikia kwa kichwa, kisha akakosea, tena akakosea kwa adabu kabisa. Mpaka jioni moja Dilcia, kwa uchovu, alikosea mwenyewe katikati ya swali refu, na kidole cha Nolvia kikashuka juu ya karatasi kabla hajakizuia.

"Hapo gawanya kwanza," Nolvia alisema.

Dilcia akagawanya. Jibu likatoka. Akaweka penseli chini.

"Kumbe unajua!"

"Nisijue vipi? Nimelisikia somo hili kuliko mwalimu. Huyu Zepeda anayenifelisha nilimfundisha mimi, kwenye ngazi hizihizi, mwaka wake wa kwanza, kamasi linamtoka kwa kulia."

"Sasa unafeli nini, dada?"

Nolvia alilikunja pindo la sketi yake, akalikunjua.

"Nikifaulu narudisha ufunguo," alisema. "Umeshawahi kufika makaburini hapa mjini? Watu wote wamelala. Unamsalimu huyu, kimya. Unamsalimu yule, kimya. Mimi napenda watu, Dilcia. Napenda mnavyogombea ndoo. Napenda hata Yessenia, na Yessenia kumpenda si kazi ndogo."

Dilcia alikitaka kitanda kile kuliko kitu chochote duniani, na sasa aliona aibu ya kukitaka. Akalifunga daftari.

"Basi feli tu, dada yangu. Kahawa mimi naijua tangu tumboni mwa mama. Siyo kwamba nitakufa."

"Usiseme hivyo kwa dharau," Nolvia alisema. "Kufa nako kuna kazi zake."

Siku ya mtihani Nolvia alienda na penseli yake na kukaa mahali pake pa siku zote, karibu na mlango. Alijibu maswali yote, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mzuri wa zamani. Mwalimu Zepeda alisahihisha karatasi ile, akairudia, kisha akamwita pembeni akiwa na wasiwasi.

"Nolvia, uko salama kweli?"

"Niko salama, Mwalimu."

"Kama kuna tatizo nyumbani, sema."

Mahafali yalikuwa Ijumaa. Nolvia hakuwa na ndugu wa kuja, kwa hiyo chumba cha tisa kizima kilikaa kwenye viti vya jamaa, na Bi Tránsito alikuja na kofia yake ya kanisani. Jina lilipoitwa, Yessenia alipiga vigelegele mpaka mkuu wa chuo akapoteza mstari wa hotuba. Nolvia alipanda jukwaani, akapokea cheti, akapigwa picha. Kwenye picha joho linaonekana vizuri sana.

Baadaye, mlangoni mwa bweni, alimrudishia Bi Tránsito ufunguo. Bi Tránsito akaufunga mkononi na kusema ana vumbi machoni. Nolvia akamgeukia Dilcia.

"Sasa kitanda chote ni chako. Utasikia joto, lakini utazoea. Jumapili na Jumapili, ukipata nafasi, njoo ulete umbea. Hata nikiwa nimelala."

Akashika njia ya makaburini na cheti chake kwapani. Dilcia alilia hadharani, kwa sauti, wala hakutafuta nguzo ya kujificha.

Jumatatu alivaa blauzi safi na kwenda ofisi ya malazi. Bwana Orellana, mkuu wa ofisi hiyo, ni mtu mpole ambaye humjibu kila mtu kwa jina. Alimpa kiti.

"Kitanda kimeshapata mtu, Dilcia," alisema. "Anaitwa Reina Argueta. Alifariki mwezi wa pili. Maombi yake yamekamilika vizuri sana."

"Lakini mimi ndiye wa kwanza, Bwana Orellana."

"Na bado ni wa kwanza. Hakuna aliyekuondoa."

Akamweleza bila haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kueleweka. Wakubwa kutoka mji mkuu, Tegucigalpa, waliokuja kwenye mahafali walikuwa wamevutiwa mno na mwanafunzi yule. Miaka yote ile hakuandamana, hakulalamikia maji, hakupata mimba, hakuugua zaidi ya mara moja. Walipoambiwa siri ya mafanikio hayo, waliagiza kitanda chake kiwe cha marehemu moja kwa moja, na vingine viwili vifuate mwakani, fedha zikiruhusu.

"Wewe binafsi tumekuangalia kwa jicho la pekee," Bwana Orellana aliongeza. "Alama nzuri, nidhamu nzuri, familia ya hali ya chini. Umekidhi vigezo vyote, isipokuwa kimoja."

"Kipi hicho?"

Bwana Orellana aliangalia dirishani, maana ana haya.

"Hatukuharakishi," alisema.

Yessenia alipopata habari alitukana kuanzia chakula cha mchana mpaka magharibi, akipumzika kunywa maji tu. Bi Tránsito alisema wafu wana haki zao na walio hai wana za kwao, ila siku hizi haki za walio hai zimepungua kidogo. Kisha akasema jicho lake la kushoto bado linauma na huenda likaendelea kufumba mwaka mzima ujao.

Baba alipiga simu katikati ya wiki. Kulikuwa na upepo kwake, na sauti za watu wakichuma.

"Eeh, mwanangu. Wamekupa?"

Dilcia alitazama kitanda cha chini, upande wa dirisha. Alikuwa amelalia kile kitanda tangu Ijumaa peke yake, na kwa joto lile hakuwa amefumba macho.

"Wamenipa, baba."

"Nilijua tu! Nilimwambia mama yako."

Jumapili alienda makaburini, akakaa karibu na kaburi la Nolvia na kumpa umbea wote: nani kaachana na nani, ndoo ya nani imeibwa. Mwishoni akamwambia kitanda ni kizuri, kipana, mpaka anajisikia mpweke. Nolvia hakujibu. Alikuwa amelala kweli, hatimaye, na Dilcia alishukuru kwa hilo.

Reina Argueta alifika wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, na sanduku dogo la kijani. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye nywele za kusuka, aliyezikwa na gauni la kipaimara. Ufunguo aliushika kwa vidole viwili, kadi ya chakula aliibana kwapani. Alimkuta Dilcia akihamishia vitu vyake upande mmoja wa godoro.

"Samahani," Reina alisema. "Nimeambiwa kitanda hiki ni changu."

"Ni chako. Mimi nabebwa tu. Lala ukutani, tafadhali, utanipunguzia joto."

Reina akakaa ukutani. Alikuwa msichana mtiifu. Dilcia alimtazama, akataka kumchukia, akajaribu kweli, lakini mtoto wa watu alikuwa ameweka mikono magotini kama mgeni kanisani. Angemchukia kwa lipi?

"Kadi unayo?"

"Ninayo. Lakini mimi sili tena, dada."

"Najua. Hilo niambie mimi tu," Dilcia alisema. Tangu Nolvia aondoke alikuwa anakula makombo ya wenzake, na leo wenzake walikuwa wamekula wakamaliza. "Sasa nisikilize vizuri. Kengele ikilia nenda jikoni na wengine. Shika sahani kwa mikono miwili. Mpishi akikutazama, mwambie una njaa, hujala tangu jana."

Reina alifikiri. Alikuwa amelelewa asiseme uongo.

"Lakini mimi sijala tangu mwezi wa pili."

Dilcia alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Hawatakuamini. Sema jana."