Mlango Uliofunikwa Nailoni

Metrine alipanda juu ya nyumba kuanika kanzu za Baba mwenye nyumba, akamkuta mbuzi amesimama kando ya tangi la maji, anatafuna ncha ya shuka. Alikuwa mbuzi mweupe, pembe zake za dhahabu. Metrine alimnyang'anya shuka, akashuka kumwarifu Madam, ambaye alikuwa anakunywa kahawa na tende. Madam aliuliza kama mbuzi amechafua sakafu. Aliposikia kwamba amechafua, akasema basi Metrine apande na ndoo.

Aliyejua habari za mbuzi ni Hanuf, binti mkubwa wa nyumba hiyo ya An-Nasim, Riyadh. Jana yake alikuwa amemfunga mpinzani mmoja kwenye gemu, akamtwalia karata ya mbuzi. Sasa mbuzi amekuja. Hanuf alieleza hayo huku anapaka siagi mkate, na hakuna aliyemwuliza swali la pili.

Hanuf alikuwa amerudi kwa wazazi wake baada ya talaka, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Gemu yake ilikuwa ya falme na mazimwi. Shujaa alitakiwa aokoe mji mkuu usiteketee, lakini kila mji wa njiani ulikuwa na mkahawa, na kila mkahawa ulikuwa na meza ya karata. Hanuf aliketi kwenye meza ya kwanza akauacha mji mkuu uungue. Uliungua miezi mingi. Yeye alikuwa anakusanya karata, anazipanga kwenye albamu ya humo humo ndani ya gemu, na ukurasa wenye pengo ulimkosesha raha kama jino lililotoka.

Akahitaji mtu wa kufanyia mazoezi. Alasiri moja, vyombo vya mchana vikiwa vimeshaoshwa, akamwita Metrine, akampa pedi ya pili ya kuchezea na kumwambia aketi, tena kwenye sofa.

Sheria hazikuwa ngumu. Kila mchezaji anashika karata chache ambazo haziongezwi, na kwa karata hizo hizo anacheza raundi tatu. Anayeshinda raundi mbili ndiye mshindi, na mshindi anachukua kwa mwenzake karata moja anayoipenda. Wakitoka sare, kila mmoja anachukua moja kwa mwenzake. Mwanzoni Metrine alifungwa vibaya. Alikuwa anamwaga karata zote kubwa raundi ya kwanza, sawa na mtu anayempakulia mgeni wa kwanza nyama yote halafu wengine wanakuja na sahani zao. Hanuf alimfundisha kwa subira, kidole kwenye skrini: hii ngoja nayo, hii usiitoe kabla hajatoa yake, raundi hii mwachie ale, ashibe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Hanuf hakuweza kumwondolea. Kwao Kimilili, Metrine alikuwa amekulia kwenye kadi, akicheza na kaka zake nyuma ya duka, na huko anayekaribia kumaliza lazima atangaze. Unasema "niko kadi," wenzako wanajipanga kukuzuia, na ukipenya hapo ndipo umeshinda. Anayemaliza kimya kimya hajamaliza, anaokota karata nyingine na kuchekwa. Kwa hiyo kila alipokaribia ushindi kwenye sofa la An-Nasim, Metrine alimgeukia bosi wake na kusema, "Hanuf, jichunge, nakumaliza." Hanuf alicheka hadi machozi, kisha akamzuia. Michezo ambayo Metrine angeshinda aliipoteza kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuacha, maana kushinda bila kutangaza kulimkaa rohoni kama wizi.

Lakini kufungwa nako kuna shule yake. Siku moja Metrine alitupa mezani karata dhaifu kabla ya zote, na Hanuf akaharibu zimwi zima kuipiga.

"Mbona umeitoa mapema hivyo?" Hanuf aliuliza.

"Ilikuwa ya kufa tu," Metrine alisema. "Karata ninayojua itanifia, siisubiri. Naitoa mwenyewe, ife na faida."

Hanuf aliweka pedi chini. Akamwomba arudie, polepole. Tangu siku hiyo akaanza kuwafunga watu wa nchi nzima.

Nyumba ikajaa. Akaja mhunzi mwenye kofia ya shaba, akapiga kambi chini ya kivuli cha gari, na Baba akampa geti lililokuwa linalia atengeneze. Ukaja ukungu, ukatulia kwenye majlisi ya wageni, na fundi wa AC aliitwa akashindwa. Mbuzi alichinjwa walipokuja wakwe. Walipokuwa katikati ya kula, Hanuf huko juu alifungwa, akanyang'anywa karata ya mbuzi, na nyama ikaondoka kwenye sinia, hata iliyokuwa mdomoni. Wageni walibaki na wali, wakausifu wali. Baba alimwomba Hanuf, kwa upole, asiwe anacheza saa za chakula.

Karata ya Metrine ilitokea siku ambayo Hanuf alikuwa anapanga albamu. Hakuishinda popote, ilikuwamo tu. Metrine alikuwa amechorwa na gauni lake la kazi lenye kola nyeupe, ameshika mpini wa mopu kama mkuki, na jina lilikuwa Msaidizi. Nguvu yake ilikuwa ndogo, lakini kila karata iliyolala kando yake iliongezeka nguvu. Metrine alilalamika kwamba pua wameizidisha. Moyoni alifurahi, na usimcheke kwa hilo. Miaka yote aliyofanya kazi nyumba hiyo, hakuna aliyekuwa amemchora.

"Hii siitoi," Hanuf alisema. "Wallahi, Metrine, wewe sikutoi kwa yeyote."

Metrine hakumwomba aape. Aliapa mwenyewe, mkono kifuani.

Wakati huo Metrine alikuwa na neno moja tu kichwani, na neno hilo lilikuwa macho ya mama yake. Mayi alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, na la pili lilikuwa linafunga kutoka pembeni kuingia ndani, na daktari alisema halitafunguka tena. Metrine alitaka Mayi amwone uso kabla halijafunga. Hakutaka la zaidi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwa Baba, na Baba alisema baada ya Ramadhani, kisha akasema baada ya Hija, kisha akasema watu wakisharudi shule.

Ndipo ikasikika habari ya Mlango. Ilikuwa karata ya nadra kupita zote, na ilikuwa mikononi mwa Raghad, binamu yake Hanuf, anayekaa Jidda, mtaa wa As-Safa. Mlango ulifunguka mahali popote anapotaka mpitaji, ila mara moja tu. Ukishafunguliwa, karata inaungua, na haipo tena hata kwenye albamu. Hanuf alikuwa na pengo moja tu lililobaki, na pengo hilo ndilo la Mlango.

"Nitamfunga Raghad," Hanuf alimwambia Metrine. "Mlango nitakupa wewe. Nenda kamwone mama yako wiki mbili, kisha tiketi ya kurudi nitakukatia mimi. Albamu si kitu."

Wakajifunza upya kwa ajili ya Raghad. Kila alasiri walitazama michezo yake ya zamani. Walijua anapenda kuanza na kishindo, anajivunia mazimwi, anamtamani Msaidizi kuliko karata zote za Hanuf, na akiwa na wasiwasi anaweka karata haraka haraka. Hanuf alikuwa amekuwa hodari kuliko Metrine kwa mbali, lakini hakuweka mpango wowote bila kumwuliza, na walikula karanga kwenye bakuli moja. Metrine alianza kusema "sisi."

Alimpigia Emmaculate, rafiki yake anayelea watoto kwa familia moja ya Malaz, ili waagane.

"Wee Metrine, nisikize," Emmaculate alisema. "Hiyo mlango ikifunguka, pita ukiwa umenyamaza. Unajua na mimi najua huwezi rudi hapo. Usianze ile tabia yako ya kutangaza."

"Aki Emma, siwezi. Ameniapia. Nitamtorokaje kama mwizi?"

"Utamshukuru kwa simu ukiwa Kimilili. Madam ni madam, hata mkikula njugu pamoja."

Metrine alimwona Emmaculate mtu mwenye moyo mgumu.

Mechi ilichezwa Ijumaa baada ya alasiri. Metrine alivaa viatu vya safari na kuweka mkoba kando ya sofa, ndani yake leso mbili za Mayi na dawa ya macho. Mhunzi alikuja kutazama, akasimama mlangoni ameshika kofia. Raundi ya kwanza walimwachia Raghad, naye akatoa mazimwi yote kwa furaha. Raundi ya pili Hanuf aliichukua bila jasho. Ya tatu ikafika mwisho, Raghad hana kitu, Hanuf amebakiwa na karata mbili: Mhunzi, ambaye angeshinda, na Mchunga Bata, ambaye angefanya sare. Karata moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kutoka.

Metrine aliona wamefika. Angeweza kunyamaza, kazi yote ilikuwa imeshakwisha.

"Hanuf," alisema. "Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha. Nikipita mlango huo, sirudi. Nitakaa na mama yangu."

Hanuf aliitazama skrini, na uso wake ukawa ule anaouvaa akipiga hesabu za raundi ya mwisho. Kisha akamweka mezani Mchunga Bata.

"Umekosea," Metrine alisema. "Umebonyeza siyo."

"Sijakosea."

Ikawa sare. Hanuf alichagua Mlango. Huko Jidda, Raghad naye alichagua, wala hakuchelewa, maana karata anayoitaka alikuwa ameitaja siku nyingi. Metrine hakuelewa bado. Kwa mazoea aliokota vikombe vya chai akavipanga kwenye trei, akaelekea jikoni, na jiko aliloingia lilikuwa la As-Safa. Vioo vya dirisha vilikuwa na jasho la unyevu wa bahari. Mama yake Raghad alikuwa anakatakata kotimiri. Alimwonyesha kabati la vikombe, akamwambia hivyo si vya seti hii lakini haidhuru. Mkoba ulibaki Riyadh. Metrine alipofungua ikama, kibali chake cha kuishi, kwenye simu, jina la kafili, mwajiri anayemdhamini, lilikuwa limeshabadilika.

Ujumbe wa sauti wa Hanuf ulifika kesho yake. Metrine aliusikiliza kwenye chumba cha kufulia, amebana simu sikioni.

"Metrine, mpenzi, usinikasirikie. Ulisema mwenyewe hurudi. Ningeshinda, ungenidai Mlango niliokuahidi, ningekukosa wewe nao ungeungua, nibaki mikono mitupu. Wewe ulishakuwa karata ya kunifia. Si ndivyo ulivyonifundisha? Raghad ni mtu mzuri. Nitakukumbuka, wallahi."

Chini ya ujumbe aliweka vijipicha: ua, na moyo, na mikono iliyounganishwa.

Metrine aliurudia ujumbe huo mpaka mashine ya kufulia iliposimama. Kama Hanuf angemtukana, angepata pa kushikia hasira. Lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe, yamerudishwa yakiwa yamekunjwa vizuri. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na aliyemwita mwenzake, akalia pia kwa aibu ya kuwa na "sisi" iliyokuwa na mtu mmoja ndani. Kisha akatoa nguo kwenye mashine, kwa sababu zingenuka.

Emmaculate hakumwambia nilikuonya. Alimtumia picha tu, aliyoiona kwenye statasi ya Hanuf. Mlango ulikuwa umesimama sebuleni An-Nasim, mrefu, wa mti mweusi, umefunikwa nailoni usishike vumbi. Chini Hanuf alikuwa ameandika kwamba ukurasa umejaa, alhamdulillahi. Kwenye ukingo wa picha ulionekana mkono wa msichana mpya wa kazi, anapangusa kizingiti.

As-Safa hawakuwa watu wabaya. Raghad hakumfundisha Metrine kucheza, wala hakumketisha kwenye sofa. Alikuwa na karata yake na ilimtosha. Kila alipoilaza kando ya zimwi, Metrine alisikia mabega yanakuwa mazito kidogo, akajua huko ndani kuna anayepata nguvu, akaendelea kupiga pasi. Aliuliza juu ya safari. Baba wa nyumba hii alimjibu vizuri, kwamba kwa nyumba yao yeye ni mgeni, mkataba unaanza kuhesabiwa upya.

Kimilili walipiga simu ya video mchana mmoja, kaka yake akiwa amemshikia Mayi simu. Metrine aliipokea juu ya nyumba, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Jua la Jidda lilikuwa utosini, kali, jeupe, hakuna kivuli. Aliinua simu mbele ya uso wake akavua kitambaa cha kichwa, ili aonekane vizuri.

Mayi alikuwa amevaa sweta ya kanisani. Aliisogelea skrini mpaka likabaki jicho moja tu.

"Metrine, mwanangu, mbona umekaa gizani? Washa taa nikuone."

Metrine aligeuza uso kulielekea jua, macho wazi, mpaka yakamwuma.

"Umewasha?"

"Stima zimepotea, Mayi," Metrine alisema.

"Basi zikirudi," Mayi akasema, "nipigie."